Koti la Chumba cha Baridi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kunyolea. Mguu wake mmoja umewekewa tofali, na anayekaa upande wa tofali hujua kwamba mwenzake akiinuka ghafla, yeye atakwenda chini. Mimi ndiye Kinyozi. Wananiita hivyo hivyo, hakuna aliyejisumbua kunitafutia jina jingine. Nakata nywele mlango ukiwa wazi, na wateja wangu wameshazoea kwamba maneno yakinoga huko nje, upande mmoja wa kichwa utasubiri. Jumamosi hiyo asubuhi jua lilikuwa limeshakaza. Mama Birika amewasha jiko lake la mkaa na kuteleka kahawa, Kamanda amekunja nne, Methali anapuliza kikombe upande wa tofali, na katikati yao, jasho likimchuruzika mpaka kwenye nyusi, amekaa Baba Digrii ndani ya koti zito la buluu lililojazwa pamba, zipu imefungwa hadi kidevuni.

Kamanda: Baba Digrii, vua hilo koti, bwana. Jasho linakutoka wewe, joto tunalisikia sisi.

Baba Digrii: Mgongoni limeandikwa nini?

Kamanda: Miwani nimeiacha nyumbani.

Baba Digrii: Basi nikusomee. Chumba cha Baridi. Herufi kubwa, uzi mweupe. Koti hili hupewi kwa uzuri wa sura. Unapewa kwa digrii.

Methali: Mchumia juani hulia kivulini. Wewe umechumia juani, mtoto analia kwenye baridi.

Mama Birika: Analia nini tena?

Methali: Anakula, jamani! Ni kulia ya kula.

Mama Birika: Mimi nimesikia ile nyingine.

Zamani huyu tulimwita Gundi. Ni fundi viatu, sanduku lake la kazi liko pale pale ubavuni mwa benchi, na vidole vyake vinanukia gundi hata akitoka kuoga. Siku mwanawe alipovaa joho alikuja kututangazia kwamba Gundi amekufa na amezikwa, na atakayelitaja tena jina la marehemu asimletee kiatu. Hakuzaa mwingine. Huyo mmoja amesomea ugavi, ile elimu ya maghala na mizigo, akakaa nyumbani mwaka mzima akiomba kazi na kujibiwa kimya, mpaka mwezi huu alipopata mahali pa mafunzo kazini. Ni kijana mrefu, mwembamba, mpole wa kupitiliza. Jioni akitoka kazini alikuwa anachuchumaa mbele ya jiko la Mama Birika anaota moto, kwenye joto ambalo sisi tulikuwa tumefungua vifungo vya shati, na tukimcheka kwamba ofisi imeshamdekeza.

Mama Birika: Na mwenyewe yuko wapi? Jana jioni sikumwona kwenye moto wangu.

Baba Digrii alikuwa akilisubiri swali hilo tangu alipokaa. Akanywa funda moja kwanza, akajifuta kidevu kwa mkono wa koti.

Baba Digrii: Hajarudi.

Mama Birika: Hajarudi?

Baba Digrii: Amelala kazini.

Alilisema kama mtu anayetangaza harusi.

Kamanda: Kulala kazini kuna nini? Mimi nimelala kazini ulinzi wangu wote, na hakuna aliyeniita msomi.

Baba Digrii: Wewe ulikuwa unalala, analinda mbwa. Huyu amekesha. Ofisi imemng'ang'ania! Mwezi haujaisha, wameshaona bila yeye mambo hayaendi.

Mama Birika: Alikupigia akakwambia hivyo?

Baba Digrii: Simu yake haipatikani.

Methali: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiyo ni dalili ya cheo, bwana. Wakubwa hawapatikani ovyo. Kamanda, wewe umewahi kumpigia mkurugenzi akapokea?

Kamanda: Mimi sina namba ya mkurugenzi yeyote.

Methali: Umeona!

Huyu Methali anazo methali kama mtu mwenye funguo nyingi asiyejua ipi ni ya mlango gani. Anajaribu tu. Siku ikifungua, anashangaa yeye mwenyewe.

Kamanda: Kwani kijana ameshaajiriwa, au bado yuko kwenye yale mafungo?

Baba Digrii: Mafunzo. Mafunzo kazini. Mafungo ni ya watu wa kusali.

Kamanda: Ndiyo hayo hayo. Mafungo kazini.

Baba Digrii: Mafunzo, nimekwambia!

Kamanda: Usinipigie kelele. Sikio hili liliharibiwa na king'ora.

Mama Birika hakucheka. Alikuwa anakoroga makaa kwa kijiti, anayageuza moja moja bila sababu.

Mama Birika: Lakini Ijumaa ya wiki iliyopita si alirudi mchana? Alipita hapa jua liko utosini. Nikamwambia leo umetoroka, akasema hapana Mama, Ijumaa tunafunga mapema.

Baba Digrii: Ijumaa iliyopita alikuwa mgeni. Sasa amepanda.

Mama Birika: Amepanda kwa wiki moja?

Methali: Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo baraka ikija yenyewe haraka, mtu asiizuie.

Kamanda: Ngojeni niwaeleze, maana mimi nimelinda mageti ya ofisi kubwa, nayajua. Kila ofisi kubwa ina chumba kimoja ambacho hata mfagiaji haingii. Humo ndimo yanamokaa makompyuta makubwa, kila moja kama kabati la nguo. Yale madude yakipata joto yanapoteza kumbukumbu, kama binadamu tu akiwa na homa. Ndiyo maana wanayawekea baridi. Sasa anayekaa na yale makompyuta anajua siri zote: nani amelipwa, nani ameibiwa, nani atafukuzwa. Mtu kama huyo hawamwachi alale kwake. Atalala kwake aropoke usingizini?

Baba Digrii: Umesikia, Mama Birika? Huyo ni mtu aliyelinda mageti.

Kamanda: Na simu lazima wamemnyang'anya.

Baba Digrii: Lazima!

Akaifungua zipu kidogo, akapuliza kifuani, akaifunga tena. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, lakini macho yangu yalikuwa kwenye uso wake. Chini ya macho palikuwa pamevimba. Mtu aliyelala usingizi wa fahari haamki na macho ya namna ile.

Mama Birika: Mama yake anasemaje?

Baba Digrii: Mama yake ni mwanamke. Amekaa mlangoni tangu jana magharibi. Alfajiri ananiambia nenda kamuulizie. Nikamuulizie mtu mzima mwenye digrii? Nifike getini niseme jamani, nimepotelewa na mtoto, amevaa shati jeupe?

Mama Birika: Ndiyo. Useme hivyo hivyo. Si mbali pale.

Baba Digrii: Amenikataza.

Hilo tulilijua wote. Siku ya kwanza ya kazi alimsindikiza kijana mpaka getini, sanduku la viatu begani, akamwambia mlinzi kwa sauti ya watu wote kusikia: mchungeni vizuri huyu, ndiye bosi wenu wa kesho. Mlinzi akampigia kijana saluti. Akaipiga tena kesho yake, na kesho kutwa, na wabeba mizigo nao wakaiga, ikawa kijana akipita anapigiwa saluti na kila mwenye mkono. Jioni moja alikuja kumbembeleza baba yake hapa hapa benchini: Baba, kama unanipenda, usije tena getini. Mzee aliumia, akaapa hatatia mguu.

Methali: Aliye juu mngoje chini. Sasa yeye yuko juu, wewe uko chini. Kilichobaki ni kungoja tu.

Mama Birika: Methali, hiyo haina maana hiyo.

Methali: Ina maana gani basi?

Mama Birika: Mimi nauza kahawa. Lakini kuna jambo linanisumbua, Baba Digrii, uniwie radhi. Koti liko hapa. Mtoto yuko kwenye baridi. Amevaa nini?

Mkasi wangu ulisimama. Kamanda akakunjua nne akaikunja upande wa pili.

Maana jambo hilo pia tulilijua. Usiku wa Alhamisi zipu ya koti ilikatika, kijana akampa baba yake, si ndiye fundi. Ijumaa asubuhi mzee alikuja nalo, akaitengeneza zipu kabla kahawa haijachemka, akalijaribu mwilini, akaona limemkaa. Akageuka tuone mgongo. Tukampigia makofi. Kijana akapita njiani kwenda kazini, akasimama mbele yetu na shati lake jeupe. Akasema, Baba, koti. Mzee akamtazama, akatutazama sisi, akasema, zipu bado haijakaa sawa, nenda tu leo. Kijana aliiona zipu. Ilikuwa imefungwa mpaka kidevuni. Akatabasamu, akasema haya Baba, na alipotupa mgongo tukacheka mpaka Methali akamwaga kahawa. Mimi pia nilicheka, nisijitoe.

Baba Digrii: Msomi ana makoti zaidi ya moja.

Mama Birika: Analo jingine?

Baba Digrii: Ofisini yapo! Utakosaje koti ofisini? Mama Birika, nikuambie kitu, na usichukie. Binti yako amemaliza chuo lini? Mwaka wa pili huu yuko nyumbani anakuoshea vikombe. Najua inauma. Lakini husuda haimpatii mtu kazi. Siku wako akipata, utaelewa kwamba mtoto akiwa kazini hafuatwi-fuatwi na maswali.

Mama Birika akainama kwenye jiko lake. Aliosha kikombe kimoja ambacho kilikuwa kisafi, akakipangusa, akakiweka. Tungeweza kumwambia mzee kwamba hapo amevuka mpaka. Hatukusema. Kijiweni anayetajiwa mwanawe aliyekosa kazi hana pa kujibia, na sisi wengine watoto wetu hawakufika hata huko.

Simu ya Baba Digrii ikalia. Aliruka, mkono ukakwama kwenye mfuko wa koti, akaitoa kwa kuing'oa, akakitazama kioo. Mabega yakashuka; ni mkewe.

Baba Digrii: Naam, mama. Ndiyo. Ndiyo, nimeshafika... nimeshaulizia. Wamesema yuko kazini. Eeh, mzima. Ana kazi nyingi tu. Ingia ndani sasa ulale.

Akairudisha mfukoni. Hakuna aliyemtazama. Methali, ambaye hana breki, ndiye aliyeinua kichwa.

Methali: Hapo umefanya vizuri. Penye wengi hapaharibiki neno.

Kamanda: Methali, nyamaza.

Methali: Nanyamaza vipi na mimi nimeshapata jibu? Ninyi mnatafuta chini, kumbe jibu liko juu. Mnajua ndani ya ndege kukoje? Baridi! Shemeji yangu alipanda, alishuka anapiga chafya. Ugavi ni nini? Ni mizigo. Mizigo mikubwa inakwenda kwa nini? Kwa ndege. Chumba cha baridi ni lugha ya kiofisi tu, maana yake ndege. Kijana amepandishwa jana mchana na mzigo. Simu haishiki kwa sababu yuko mawinguni. Sasa hivi tunavyozungumza anashukia nchi ya watu, anapokewa na watu wenye tai.

Kamanda: Bila pasi ya kusafiria?

Methali: Mzigo unaomba pasi? Anayeongozana na mzigo anahesabiwa humo humo.

Baba Digrii: Inawezekana kabisa. Pasi ni kitu cha kawaida.

Alisema hivyo na akageuza shingo kuitazama njia, kule mwanawe anakotokeaga. Palikuwa na mtu anasukuma toroli, na kuku wawili.

Kamanda: Hapana, hapana. Ndege ni uongo. Mimi nilisikia jambo moja geti la mwisho nililolinda, na aliyenieleza ni dereva wa bosi, kwa hiyo si uvumi. Akili ya msomi inachemka. Miaka yote ile ya kusoma, ubongo umepata moto kama injini. Ukimtoa chuoni ukamweka juani, unaharibika mara moja. Ndiyo mnawaona wasomi mitaani wanaongea peke yao. Sasa makampuni makubwa yamegundua: kijana akitoka chuo, mwaka wa kwanza anatunzwa kwenye baridi. Anakaa humo mpaka akili itulie, ndipo anapewa meza.

Methali: Samaki mkunje angali mbichi!

Kamanda: Hasa. Wanamkunja akiwa kwenye baridi, asije akaoza.

Mama Birika: Kama nyama.

Alisema taratibu, bila kutoa macho kwenye makaa.

Kamanda: Kama nyama, ndiyo, lakini kwa heshima.

Baba Digrii akacheka. Kicheko kilianza vizuri kisha kikapotea njia. Akaomba kahawa nyingine. Mama Birika akammiminia, na mzee akakizungushia kikombe viganja vyote viwili kama anayeota moto, mtu aliyevaa koti la pamba juani.

Hapo ndipo alipokuja yule mwanamke. Hakuwa wa mtaa wetu. Alikuwa na ndoo kubwa ya plastiki yenye kifuniko, ile wanayobebea maji ya chupa ya kuuza, akaitua karibu na jiko kwa namna ya mtu aliyekata tamaa na siku yake.

Mwanamke: Habari zenu, wazee wangu. Naomba kahawa, dada. Leo sina biashara, nakunywa tu.

Mama Birika: Pole. Kuna nini?

Mwanamke: Barafu. Maji ya moto nani atayanunua na jua hili? Nimezunguka tangu asubuhi kutafuta barafu, sijapata hata...

Alikuwa anaangalia mgongo wa Baba Digrii, aliyekuwa amegeukia njia tena.

Mwanamke: Samahani, mzee. Wewe ndiye baba yake Chuo?

Baba Digrii: Chuo ni nani?

Mwanamke: Yule kijana mrefu wa chumba cha baridi. Sisi hatujui jina lake, pale kila mtu anamwita Chuo. Mwembamba, ana adabu sana.

Uso wa mzee ukafunguka wote. Akasogea kumpa nafasi benchini, akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba shahidi wake amefika mahakamani.

Baba Digrii: Ndiye wangu! Mmesikia? Kila mtu anamwita Chuo. Mwanangu, kaa hapa. Unamfahamu?

Mwanamke: Nitaacha kumfahamu? Si ndiye anayenipasulia barafu.

Kamanda: Anakupasulia nini?

Mwanamke: Barafu. Kila asubuhi nachukua pale. Anatoka na nyundo na beleshi, ananichagulia mapande makubwa. Kisha anarudi ndani kupanga maboksi ya samaki. Kazi ngumu ile, wazee. Akitoka mle, nyusi nyeupe kama mtu wa mashine ya kusaga unga.

Baba Digrii: Hapana, mama, utakuwa umemfananisha. Wangu yuko upande wa utawala. Kwenye makompyuta.

Mwanamke: Labda ana kazi nyingine huko ndani. Mimi namwona na beleshi.

Methali alitaka kusema kitu, Kamanda akamkanyaga mguu.

Mwanamke: Lakini koti ndilo hili. Jana nilimkuta hana, nikamgombeza. Nikamwambia wewe mtoto, utaingiaje mle na shati? Akaniambia, Mama, leo koti limechukua likizo, liko kijiweni na baba. Alikuwa anacheka, ila meno yanagongana. Nikasema huyo baba ana bahati, maana alivyolisema hakuwa na kinyongo hata kidogo. Amefika salama nyumbani? Nilitaka kumwachia salamu.

Baba Digrii: Amelala kazini.

Mwanamke: Kazini wapi?

Baba Digrii: Hapo hapo. Chumba cha baridi.

Mwanamke: Hapo pamefungwa, mzee.

Baba Digrii: Pamefungwaje?

Mwanamke: Si ndiyo nawaambia nimekosa barafu. Ijumaa mchana wanafunga mpaka Jumatatu. Jana nilichelewa, nilikuwa mteja wa mwisho, nikasahau hata kuchukua ya leo. Mlinzi anatuhimiza tokeni, tokeni, anataka kuwahi kwao. Leo nimegonga geti mpaka mkono umeuma. Hakuna mtu, mitambo tu inanguruma kule ndani.

Mama Birika: Na kijana ulimwona akitoka?

Mwanamke: Nilimwacha anarudi ndani kumalizia maboksi. Alisema yamebaki machache...

Ndipo alipoelewa anachokisema. Nilimwona akielewa. Kikombe kikashuka hadi magotini, akatutazama sisi wanaume wa benchi, tuliokuwa tukilijua kila jambo la ofisi, na la ndege, na la akili za wasomi, akauliza kwa sauti ndogo kama anayeuliza njia.

Mwanamke: Hivi, ule mlango, mtu akiwa ndani anaufunguaje?

Kamanda, mtu wa mageti, akaangalia viganja vyake. Mteja wangu alikuwa ameshageuka kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, ananitazama kana kwamba mimi najua. Methali akafumbua mdomo.

Methali: Mficha maradhi...

Hakuimalizia. Tangu nimfahamu, hiyo ndiyo ya kwanza niliyosikia ikiingia kwenye mlango wake, na aliiacha hapo hapo.

Baba Digrii akainuka. Benchi likapinduka upande wa tofali, Methali akaenda chini na vikombe, kahawa ikamwagika juu ya sanduku la viatu. Mzee hakuona. Alikuwa anavuta zipu. Aliivuta kwa mkono mmoja, kisha miwili, vidole vile vinavyoshona soli za watu wote wa mtaa huu vikawa haviwezi kushika kitu, na zipu aliyoitengeneza mwenyewe ikagoma chini ya kidevu. Akasema, jamani nivueni. Akasema, nivueni hili, ni lake. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi na sikuukumbuka. Kabla yeyote hajamfikia alikuwa ameanza kukimbia nalo mwilini, mzee yule ambaye hata mvua haikuwahi kumkimbiza, viatu vikimtoka, akiita jina la mwanawe, jina halisi, ambalo sisi tulikuwa hatujalisikia tangu siku ya joho.

Mama Birika akainua birika kutoka jikoni. Akalifunga kwa upande wa nguo yake lisimuunguze, akamfuata mbio, kahawa ikiruka mdomoni mwa birika na kumchoma mikono. Yule mwanamke akaacha ndoo yake akawafuata.

Sisi tukabaki. Kamanda alisema lazima kuna mlinzi mahali, akaanza kueleza jinsi mageti yanavyokaa, akaacha. Chini, kati ya vigae vya vikombe, simu ya Baba Digrii ilikuwa imeanguka kutoka kwenye mfuko wa koti, na ikaanza kulia. Kamanda akaiokota. Akanipa mimi, maana hana miwani. Ilikuwa inasema Mama.

Nikampa Methali. Methali akaitazama, akanirudishia. Iliita mpaka ikakata, kisha ikaanza tena.